Ruhusa, Mahali na Maleba: Filamu za Wanafunzi Waafrika tangu 1955

Kabla kamera haijafunguliwa, mwanafunzi wa sinema huandika karatasi mbili ambazo watazamaji hawatazisoma kamwe. Karatasi ya kwanza hutaja mahali patakapopigwa kila tukio. Ya pili hutaja maleba ya kila mhusika, tangu kofia hadi viatu. Katika vitabu vya historia ya sinema karatasi hizo hazipewi nafasi kubwa, kwa kuwa huhesabiwa kuwa kazi ya mafundi. Wataalamu hupenda zaidi kujadili dhamira, itikadi na mtindo wa mwongozaji. Hata hivyo, mtu akizichunguza filamu ambazo Waafrika walizifanya wakiwa wanafunzi, au mara tu walipotoka masomoni, ataona kwamba suala la mahali na mavazi lilitangulia suala la dhamira. Nalo halikuwa la sanaa tu. Lilikuwa kwanza suala la ruhusa: ni nani aliyekuwa na haki ya kusimamisha kamera, wapi, na mbele ya watu waliovaa nini.

Katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi ruhusa hiyo ilikuwa na jina na tarehe. Tarehe 11 Machi 1934 Pierre Laval, aliyekuwa waziri wa makoloni, alitia sahihi amri iliyomlazimu kila aliyetaka kupiga filamu au kunasa sauti kuomba kwanza idhini ya serikali ya koloni. Aliyeomba alichunguzwa yeye mwenyewe, na maandishi ya filamu yake yalichunguzwa pia. Amri hiyo haikuwataja Waafrika kwa jina, na haikuwa na haja ya kuwataja. Mwaka 1934 hapakuwa na Mwafrika wa makoloni hayo aliyekuwa na kamera ya sinema mkononi. Lakini siku ambayo angetokea, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Wa kwanza kuonja ukali wa amri hiyo hakuwa Mwafrika bali Mfaransa kijana, René Vautier, aliyekuwa ametoka karibuni katika IDHEC, chuo cha sinema cha Paris. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 21, alitumwa Afrika Magharibi kupiga picha za maisha ya vijijini ili zionyeshwe kwa wanafunzi wa Ufaransa. Alichokiona huko, kazi ya shokoa na vijiji vilivyoadhibiwa, hakikufanana na alichotumwa kukileta. Mikanda yake mingi ilikamatwa. Sehemu aliyofaulu kuiokoa ikawa filamu fupi iitwayo Afrique 50, ambayo ilipigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 40, na mwenyewe akahukumiwa kifungo kwa kuivunja amri ya 1934. Habari hizi zilijulikana miongoni mwa wanafunzi wa IDHEC waliomfuata.

Miongoni mwa waliomfuata alikuwamo Paulin Soumanou Vieyra, aliyezaliwa Porto-Novo, Dahomey, mwaka 1925. Alipelekwa Ufaransa kusoma angali mtoto, na hivyo Afrika aliyoifahamu ilikuwa kwa sehemu kubwa Afrika ya kumbukumbu. Pamoja na wenzake Mamadou Sarr, Jacques Mélo Kane na Robert Caristan aliunda kikundi cha sinema cha Waafrika. Walitaka kwenda kupiga filamu Afrika, wakanyimwa ruhusa. Kikundi kikabaki na vijana wenye elimu ya kamera, bila nchi ya kuielekezea.

Basi wakaielekeza Paris. Kwa usaidizi wa kamati ya filamu za kietnografia ya Musée de l'Homme, walitoa mwaka 1955 filamu fupi ya dakika 21 iitwayo Afrique-sur-Seine. Inaanza kwa picha za watoto Waafrika wakicheza na kuoga mtoni, kana kwamba filamu inayotaka kuanzia nyumbani. Kisha inavuka ghafla hadi barabara za mji mkuu wa mkoloni. Kuanzia hapo mahali pote ni pale ambapo mwanafunzi asiye na fedha anaweza kuingia bila kuuliza mtu: kando ya barabara, mtaa wa vyuo vikuu, meza za mikahawa, kingo za mto Seine. Wahusika hawasemi kwa vinywa vyao wenyewe. Msimulizi husema kwa ajili yao, na hilo nalo lilisaidia sana, kwani kunasa mazungumzo barabarani kulihitaji vyombo na watu ambao kikundi hakikuwa nao.

Kuhusu mavazi, filamu hiyo inastahili kutazamwa taratibu. Katika filamu za kikoloni za miaka ile Mwafrika alikuwa na maleba ya aina mbili tu. Ama alionyeshwa kifua wazi, na manyoya na ngoma, ili mtazamaji wa Ulaya ajue yuko mbali. Ama alivikwa sare ya boi, ya tarishi au ya askari, ili ajulikane ni mtumishi wa nani. Wahusika wa Afrique-sur-Seine wengi wao wamevaa kama wakazi wengine wa Paris: koti zito la baridi, suti, tai, viatu vya ngozi. Hakuna anayewaelekeza watazamaji wacheke wala washangae. Kijana Mwafrika anakaa mkahawani, anatembea na rafiki yake, anatafuta kazi na kuikosa. Leo jambo hilo ni la kawaida kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuitazama filamu nzima asilione. Mwaka 1955 koti lile lilikuwa hoja.

Baadhi ya wahakiki wamependa kusema kwamba Vieyra na wenzake walikusudia kuugeuza ugunduzi juu chini: Mwafrika amchunguze Mzungu kwake, kama Mzungu alivyomchunguza Mwafrika. Maana hiyo imo katika filamu na hakuna sababu ya kuikana. Lakini kuifanya kuwa ndiyo nia ya mwanzo ni kuwapaka wanafunzi hao hekima ambayo hali haikuwapa nafasi ya kuwa nayo. Walitaka kwenda kwao. Walikatazwa. Maana ilipatikana baadaye, ndani ya kile kilichobaki kuruhusiwa, na tofauti hiyo si ndogo. Anayesema walichagua Paris anaifuta amri ya 1934 katika historia ya filamu. Anayesema walisukumwa Paris, kisha wakaifanya iseme, anawapa haki yao bila kumwondolea lawama aliyewafungia mlango. Vieyra mwenyewe aliendelea, baada ya uhuru, kuongoza habari za filamu za serikali ya Senegal na kusimamia utayarishaji wa filamu za Ousmane Sembène, na kitabu chake cha 1975 juu ya sinema ya Afrika tangu chanzo chake hadi 1973 bado ni nguzo kwa wanaoisomea fani hii.

Sembène ni mfano wa pili, na mwepesi kuuelewa kwa sababu uhuru ulikuwa umekwisha patikana. Baada ya mafunzo ya mwaka mmoja hivi katika studio ya Gorki mjini Moscow, chini ya Mark Donskoi, alirudi Dakar na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika 20 kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi. Hakujenga kitu. Alitumia mji kama ulivyoachwa na wakoloni: upande mmoja mitaa ya watu wa kawaida, upande mwingine Plateau, mtaa wa majumba marefu ambako mikokoteni ilikatazwa kuingia. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio kiini cha kisa. Mteja aliyevaa suti anamshawishi mwendesha mkokoteni avuke, askari anamsimamisha, nishani ya vita ya mwendesha mkokoteni inaanguka chini, na askari anaikanyaga kwa buti. Mteja mwenye suti anatoweka bila kulipa. Suti, buti na nishani: vitu vitatu ambavyo katika karatasi ya maleba vingejaza mistari mitatu mifupi, navyo vinaeleza uhuru wa 1960 ulimfikia nani na haukumfikia nani.

Safi Faye, Msenegali, aliyesoma Paris katika chuo cha Louis-Lumière, hakuwa tena chini ya amri ya Laval alipofanya La Passante mwaka 1972. Hata hivyo naye aliipiga Paris. Kilichomzuia safari hii ni mfuko, pamoja na ratiba ya masomo. Filamu ya dakika 10 hivi haimlipii mtu nauli ya ndege. Alicheza mwenyewe nafasi ya mwanamke Mwafrika anayepita barabarani huku wanaume wakimtazama, kila mmoja akimvalisha matamanio yake mwenyewe. Vazi la mpita njia huyo halina siri yoyote. Ni macho ya wengine yanayolifanya kuwa maleba, naye mtengenezaji wa filamu ndiye aliyelivaa. Miaka 3 baadaye alipokwenda kijijini kufanya Kaddu Beykat, alikuwa amekwisha jua upande wa pili wa kamera una uzito gani.

Mfano ulio wa ajabu kuliko yote ni wa Abderrahmane Sissako. Alizaliwa Mauritania mwaka 1961, akakulia Mali, na katika miaka ya 1980 alisomea sinema katika chuo cha VGIK cha Moscow, ambacho Souleymane Cissé alikuwa amekipitia kabla yake. Filamu yake ya kuhitimu, Le Jeu, ilihusu watoto wanaocheza vita huku vita vya kweli vikiwa karibu nao. Kisa kilihitaji jangwa, nalo jangwa la nyumbani lilikuwa mbali. Sissako alikwenda kupiga Turkmenistan, ambayo wakati huo ilikuwa bado jamhuri ya Muungano wa Kisovyeti. Mchanga wa Asia ya Kati ukasimama badala ya mchanga wa Mauritania.

Hapo ndipo uhusiano wa karatasi zile mbili unapoonekana wazi. Mchanga haujui ni wa nchi gani. Mlima wa mchanga uliopigwa kwa karibu hauna pasipoti. Kilichobaki kumwambia mtazamaji yuko wapi ni mwili na kitambaa: namna kilemba kinavyofungwa, urefu wa kanzu, nguo za mtoto. Kadiri mahali palivyo pa kuazima, ndivyo maleba yanavyopaswa kuwa ya kweli. Sharti hilo liliendelea kumfuata Sissako alipokwisha kuwa mtu mashuhuri. Filamu yake Timbuktu ya mwaka 2014 ilipigwa kwa sehemu kubwa Oualata, Mauritania, kwa kuwa hali ya usalama katika mji wenyewe wa Timbuktu haikuruhusu. Mara ya kwanza Mauritania iliazima, mara ya pili ikaazimwa.

Kuazima mahali si desturi ya majangwa peke yake. Sarah Maldoror, aliyesoma Moscow wakati mmoja na Sembène, alitoa Sambizanga mwaka 1972, kisa cha mwanamke Mwangola anayemtafuta mumewe aliyefungwa na Wareno. Angola ilikuwa bado koloni, kwa hiyo filamu ilipigwa Kongo-Brazzaville, na baadhi ya waigizaji walikuwa wanachama wa harakati za ukombozi. Mama yule anatembea na mtoto mgongoni, kitambaa kichwani, kutoka kituo cha polisi hadi kingine. Ng'ambo ya mto, Kinshasa, filamu ya namna hiyo juu ya Kongo yenyewe ilikuwa haijafanywa.

Sababu zake zilianza zamani. Katika Kongo ya Wabelgiji nako kupiga filamu bila idhini ya serikali kulikatazwa kuanzia mwaka 1936, na kamera zikabaki mikononi mwa idara ya habari ya serikali, makampuni na wamisionari. Wakongo walikuwa watazamaji na waigizaji. Maleba yao yalichaguliwa na wengine, mara nyingi ili wacheke wenzao. Mweze Ngangura, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950, ni miongoni mwa Wakongo wa kwanza waliotoka kwenda kusomea sinema Ubelgiji na kurudi kufundisha Kinshasa. La Vie est belle ya mwaka 1987, aliyoiongoza pamoja na Benoît Lamy, iliuchukua mji wa Kinshasa kama ulivyo, na Papa Wemba, mtu ambaye nguo zake zilijulikana mjini sawa na nyimbo zake, akacheza mwanakijiji anayekuja kutafuta bahati. Katika Pièces d'identités ya mwaka 1998, iliyopata tuzo kuu ya FESPACO mwaka 1999, maleba ndiyo kisa chenyewe: mfalme Mani Kongo anakwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake akiwa na alama zake za ufalme, na huko alama hizo zinageuka mali inayotamaniwa na mfanyabiashara wa vitu vya kale. Mavazi yaliyompa heshima nyumbani yanakuwa bidhaa Brussels.

Raoul Peck, Mhaiti aliyeishi utotoni Kinshasa na kusomea sinema Berlin, alipita njia ile ile ya kunyimwa mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipotengeneza filamu yake ya kwanza juu ya Patrice Lumumba, safari aliyoipanga kwenda Zaire haikufanyika kwa sababu ya vyombo vya usalama vya Mobutu. Akazitumia barabara za Brussels wakati wa baridi, na nyuso za wapita njia, kuzungumzia maiti isiyo na kaburi. Ni Afrique-sur-Seine tena, miaka karibu 40 baadaye, na safari hii aliyefunga mlango alikuwa Mwafrika. Alipofanya Lumumba, filamu ya uigizaji ya mwaka 2000, vita vilikuwa vinaendelea Kongo, na Léopoldville ya 1960 ikapigwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Kwa kuwa mahali hapakuwa pa kweli, mzigo ukahamia tena kwenye maleba: miwani, ndevu za kidevuni, tai ya kipepeo, sare nyeupe ya mfalme Baudouin. Picha za siku zile zilichapishwa duniani kote, na mtazamaji wa Kongo angeona upesi kosa la kifungo kimoja.

Wenye Lubumbashi wana utajiri wa aina nyingine, wenye hatari zake. Mwanafunzi anayetaka kupiga hapa kisa cha miaka ya 1950 anakuta bado vipo bomba la moshi la kiwanda, stesheni ya reli na mitaa ya wafanyakazi wa Union Minière, ambayo baada ya kutaifishwa mwaka 1967 ilikuja kuitwa Gécamines. Lakini jalala la takataka za kuyeyushia shaba lililo kando ya bomba lilianza kuchakatwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na umbo lake si lile la picha za zamani. Bango lolote linaloonekana nyuma ya mwigizaji halina budi kusema Elisabethville, kwani jina la Lubumbashi ni la 1966.

Kwa maleba, chemchemi ya kwanza inayokuja akilini ni michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa 1947, ambaye kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi katika picha 101 na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga katika mazungumzo yake na Johannes Fabian. Yeye na wachoraji wenzake wa mji huu waliieneza pia picha iitwayo Colonie belge: askari mwenye kofia nyekundu akipiga fimbo, wafungwa wenye nguo za mistari ya njano na nyeusi, ofisa Mbelgiji kando akitazama. Ni hazina isiyo na mfano kwa mtu anayetaka kujua jinsi ukoloni unavyokumbukwa. Hata hivyo maandishi ya picha hiyo husema 1885-1959, na kwa muda wote huo nguo hazibadiliki. Askari wa 1910 na wa 1955 wamevaa sawasawa, kwa sababu katika kumbukumbu ya wananchi uchungu ulikuwa mmoja. Anayenakili mistari ile bila kuuliza atapata mchoro unaotembea, wala si mwaka 1955.

Kwa miaka iliyofuata, tai yenyewe inatosha kuwa kalenda. Karani wa Elisabethville mwaka 1958, mwenye kutaka kuhesabiwa miongoni mwa walioendelea, aliivaa hata jua likichoma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikatazwa, na mahali pake pakachukuliwa na abakosti, koti lisilo na tai, huku wanawake wakizuiwa suruali, nywele za bandia na sketi fupi, wakatakiwa kuvaa vikwembe. Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ya kuuondoa mfumo wa chama kimoja, Mobutu aliirudisha ruhusa ya tai. Mhusika mmoja, ofisi ile ile, meza ile ile: tai, abakosti, tai. Na ikiwa karani huyo ndiye aliyeivaa mwanzo na mwisho, mwenye kuandaa maleba ataamua pia kama tai ya 1990 ni mpya, au ni ile ya 1958 iliyokaa sandukuni na bado ina alama ya mkunjo.